Kiota Ndani ya Kamba

Jumamosi, 6 Julai

Tumefika salama. Nyumba ina vyumba vitatu, jiko lenye dirisha lisilofungika vizuri, na baraza pana inayotazama bahari. Mtunza nyumba alitupokea getini, mbwa wake mwekundu miguuni, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu," kabla hata sijajitambulisha. Kumbe ualimu unaonekana usoni. Nilistaafu Desemba.

Tuko wanne. Binti yangu ana mimba ya miezi saba na miguu imemvimba kama mikate. Daktari alimwambia apumzike mahali penye hewa. Mumewe ni fundi wa majokofu, na ndiye aliyepanga nyumba hii kwa wiki tano, likizo nzima ya shule. Mjukuu wangu ana miaka tisa. Tunamwita Karani kwa sababu huhesabu kila anachokiona na kukiandika. Amekwisha kuhesabu ngazi za baraza. Ziko saba. Wa nne ni mimi, mzigo wa ziada.

Nimekuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na moja, na kila siku ya kazi niliandika kitabu cha matukio cha shule. Mkono umezoea, ukikosa kalamu unaniwasha. Basi nitaandika ya hapa, kama yatakuwapo.

Jumapili, 7 Julai

Upepo. Kila mtu kalala mchana kutwa. Hakuna tukio.

Jumanne, 9 Julai

Leo tukio lipo. Asubuhi alikuja mwanamke wa ofisi ya wanyamapori, amevaa buti na kofia ya kijani, sauti yake imezoea kushindana na mawimbi. Watoto wa nyumba za jirani wanamwita Shangazi Ndege, na naona hata watu wazima wamelifuata jina hilo. Ameona kiota cha kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, mbele ya nyumba yetu, hatua sitini na mbili kutoka barazani (Karani kazipima). Nasema kiota kwa heshima tu. Ni kishimo kwenye mchanga mtupu, na mayai matatu yenye rangi ya huo huo mchanga na madoadoa. Ukipepesa macho, huyaoni tena.

Akachomeka fito nne, akazungusha kamba, kisha akatukusanya wapangaji wote wa ufuo huu kutupa masharti. Mbwa wafungwe. Mtu asivuke kamba. Mengine nimeyasikia kwa sikio moja. Alizungumza dakika ishirini, na kufikia ya tano nilikuwa nimekwisha kumpa alama kama mwalimu aliye mafunzoni: anazunguka sana, hana ubao, mikono haitulii. Wakati fulani alikunja mkono mmoja akapepesuka kama mtu aliyeumia, watoto wakacheka. Nikajiambia anatafuta vicheko. Sikuwahi kuwapenda walimu wa vicheko.

Ijumaa, 12 Julai

Karani amepewa kazi. Shangazi Ndege alimwona na daftari lake, akamuuliza maswali mawili matatu, akamvua mwenzake mmoja wa ofisini kofia ya kijani na kumvisha yeye. Sasa mtoto huyu ni msaidizi wa ofisi. Anakaa barazani na darubini ya baba yake na kuandika saa ngapi nani kalalia mayai.

"Babu, ulijua kwamba dume na jike wanapokezana?"

"Nilijua," nikamjibu.

Sikujua.

Jumapili, 14 Julai

Kunguru wawili walikuja karibu na kamba. Karani aliwafukuza kwa kugonga sufuria, akaamsha ufuo mzima. Mama yake kicheko kikamshika mpaka akaomba kiti.

Jumatano, 17 Julai

Mkwe wangu na mtunza nyumba wanacheza drafti kila alasiri. Mkwe anashindwa na kulaumu jua. Leo mtunza nyumba alitueleza kwamba mwaka jana mbwa wake alikula mayai ya kiota cha nyumba ya tatu. Mwenye nyumba alimwambia jambo hilo likijirudia, waondoke wote wawili, mbwa na mtu. Mtunza nyumba ana chumba kimoja huko nyuma, ameishi humo miaka tisa. Alisema hayo huku akila kete mbili za mkwe wangu kwa mpigo.

Jumamosi, 20 Julai

Manyunyu asubuhi. Mayai matatu.

Jumanne, 23 Julai

Niseme ukweli, daftari ni langu: kijicho kinanila. Wakati wa chakula cha mchana Karani alisema "Shangazi Ndege anasema" mara kumi na nne. Hata mimi nimeanza kuhesabu. Nilipojaribu kumweleza jinsi mwezi unavyovuta maji ya bahari, somo ambalo wakaguzi wawili walilisifu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama anaweza kurudi kwa ndege wake. Nimewahi kunyamazisha ukumbi wa wanafunzi mia sita kwa kukohoa tu, na sasa nashindwa na mayai matatu.

Anasema vifaranga watatoka tarehe mbili Agosti, siku moja mbele au nyuma. Kwenye daftari lake amechora duara kuzunguka siku hiyo.

Ijumaa, 26 Julai

Upepo mkali tangu alfajiri. Hakuna tukio.

Jumamosi, 27 Julai

Ukurasa wa jana ni wa uongo. Tukio lilikuwapo, na mimi ndiye niliyelifanya. Naliandika sasa kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitoka kutembea kabla mtu hajaamka. Nilipokaribia kamba, kitwitwi mmoja alichomoka mbele yangu akikimbia upande upande, bawa la kushoto akiliburura mchangani, akilia kilio cha kuchoma moyo. Nikasimama. Bawa limevunjika, nikasema, labda ni kunguru. Na papo hapo, nakiri, sikumwonea huruma ndege kwanza. Nilimwona Karani. Nilijiona nikipanda ngazi saba na ndege ndani ya leso yangu, nikimwambia, tazama Babu alichokiokoa.

Nikamfuata. Kila nikibakiza hatua tatu alijikokota mbele kidogo, akielekea majini. Nikajiona mjanja. Nikaamua kumkatia njia, nimtokee mbele, na njia ya mkato ilipita ndani ya kamba. Niliinua mguu nikavuka, macho yote kwa ndege. Mimi niliyekuwa nikiwatambua watoto wanaojifanya kuumwa tumbo siku ya mtihani kwa kuwatazama mara moja mlangoni nilidanganywa na kiumbe asiyezidi ngumi. Nilisikia chini ya kiatu kitu kikivunjika, sauti ndogo tu, kama biskuti. Nilipoinua uso, kitwitwi alikuwa amesimama wima akinitazama. Akakunjua mabawa yote mawili akaruka, mzima kabisa.

Mawili yalikuwa yamesagika. La tatu lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na kitu kinachosogea. Sikuangalia zaidi.

Hapo bado lilikuwa kosa la mzee asiyetazama anapokanyaga. Ningerudi barazani nikasema, watu wangelia kidogo, yangekwisha. Lakini nilitazama nyumba, nikaona madirisha yote yamefungwa. Nikasukuma mchanga kwa ukingo wa kiatu mpaka mayai yote yakafunikwa, lile la tatu pia. Nikachuchumaa nikausawazisha kwa kiganja. Kisha nikarudi kwa kupitia majini ili mawimbi yafute nyayo zangu. Nilipofika nilikung'uta viatu, nikachemsha chai ya watu wote, kazi ambayo sijaifanya tangu tufike. Binti yangu alinishukuru.

Jana kutwa Karani alisema ndege hawalalii mayai, labda ni upepo. Leo asubuhi Shangazi Ndege alikuja, akapiga magoti, akafukua kwa vidole viwili. Karani alipoona maganda hakupiga kelele. Alivua kofia.

Kandokando ya fito kulikuwa na nyayo za mbwa. Mtunza nyumba aliitwa, akaja mbio, akazitazama, rangi ikamtoka.

"Hizi ni za juzi, nilipita naye nimemshika," alisema. "Jana alikuwa kwenye mnyororo kutwa. Na hata angefunguka, mama, mbwa hali yai halafu akalifukia akalisawazishia mchanga. Hiyo kazi ya mtu."

Shangazi Ndege aliutazama mchanga, akamtazama yeye. "Napeleka ripoti Jumatatu," akasema. "Nisipoambiwa ni mtu gani, nitaandika nilichokiona. Nimeona nyayo za mbwa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Njiani kurudi Karani aliniuliza kwa nini kitwitwi hakumhadaa huyo mtu kwa kujifanya ameumia bawa. Nikauliza, kujifanya vipi? Akashangaa. "Si Shangazi alituonyesha siku ile, Babu, akakunja mkono? Anajifanya amevunjika bawa ili umfuate yeye uache mayai. Ulikuwepo."

Nilikuwepo.

Jumapili, 28 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Wakati wa chai mkwe wangu alisema mtunza nyumba hawezi kupoteza kazi hivi hivi, kwamba ni haki sisi wenyewe tujiulize kwanza. Mpaka hapo nilikubali kwa kichwa. Kisha akanigeukia: "Baba, si wewe ndiye bingwa wa haya mambo? Mke wangu hunisimulia. Hebu tufanyie kama shuleni."

Nieleze kama shuleni. Kosa likitokea, niliwasimamisha wanafunzi wote ukumbini. Kosa lenyewe sikulitaja, kwa sababu mwenye kosa anajijua. Nilisema maneno mawili tu, "Tunamngojea mmoja," nikakaa kwenye kiti jukwaani. Hakuna kukaa, hakuna kula, mpaka mtu ainue mkono aseme, "Ni mimi." Sikuuliza zaidi ya hapo. Kwa miaka thelathini na moja sikushindwa hata mara moja. Mkosaji alijitokeza kila mara. Walimu wakuu wa shule nyingine walinialika niwaeleze njia hiyo, nami nilikwenda na kuieleza kwa kirefu.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nimestaafu. Nilichosema ni: "Simameni barazani, basi." Sauti ilinitoka yenyewe, ile ya zamani, na ingawa naona haya kuliandika hili, kuna sehemu yangu iliyofurahi kuisikia.

Wakasimama. Mkwe wangu, mtunza nyumba aliyeitwa kutoka chumbani kwake, Karani, na binti yangu ameshika nguzo kwa mkono mmoja. Mimi nikavuta kiti nikakaa.

"Tunamngojea mmoja," nikasema.

Bahari ilikuwa tulivu leo, hata upepo haukunisaidia. Baada ya dakika kumi mkwe wangu alianza kujikuna. Baada ya ishirini mtunza nyumba alisema kwa upole, "Mwalimu, mimi siwezi kusema lisilo langu," nami nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Binti yangu alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimepotea kabisa ndani ya uvimbe. Nilimwona. Nilijisemea, dakika moja zaidi, kisha nitasema. Nikaipa dakika hiyo nyingine, na nyingine.

Dakika ya arobaini Karani aliinua mkono.

"Ni mimi," akasema.

Mtunza nyumba alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Mkwe wangu alitoa macho. Binti yangu alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, akakaa chini taratibu.

Hapa ndipo ningesimama. Badala yake nilifanya nilichofanya kila mara: nikampongeza. Nilimwambia mtoto wa miaka tisa, mbele ya watu, kwamba kusema kweli ni ushujaa na kwamba Babu anajivunia yeye. Alitazama ubao wa sakafu. Baba yake alitaka adhabu, akaniuliza iwe ipi. Nikasema arudishe kofia na asikanyage ufukweni siku saba. Mkwe wangu akasema nimekuwa mpole, angekuwa yeye angempeleka nyumbani kesho.

Shangazi Ndege alipopita jioni kuichukua kofia, aliikunja mara mbili akaitia mfukoni. Hakumkaripia. Alisema tu, "Nilikuamini," na Karani akaitikia, "Ndiyo, Shangazi."

Jumatatu, 29 Julai

Ripoti imekwenda. Mbwa hayumo. Mtunza nyumba kaniletea samaki wawili wabichi kwa shukrani. Nimewapokea.

Jumanne, 30 Julai

Karani yuko barazani. Anahesabu meli.

Jumatano, 31 Julai

Nilimfuata mkwe wangu jikoni nimwambie. Alikuwa ametia kichwa ndani ya jokofu, anatengeneza kitu kwa bisibisi. Nikasema, "Mwanangu, kuna jambo." Akasema, "Nipe dakika moja, Baba." Nilipoipata dakika hiyo nilimuuliza kama jokofu litapona.

Nimejaribu pia kwa binti yangu, mara mbili. Kila nikianza ananitazama kwa utulivu kabisa, ananingoja, nami nageuza maneno kuwa habari za upepo. Naanza kumwogopa mwanangu mwenyewe.

Alhamisi, 1 Agosti

Kiota cha nyumba ya tano kimetoa vifaranga, siku moja kabla ya hesabu. Watoto wote wa ufuo walikwenda kutazama kwa mbali na Shangazi Ndege. Tulisikia vicheko vyao. Karani aliniuliza ni saa ngapi, akaandika saa, akaacha nafasi mbele yake kwa sababu hana la kuandika.

Nilimwambia adhabu imetosha, aende. Akasema, "Ulisema siku saba, Babu. Bado tatu."

Ijumaa, 2 Agosti

Leo ndiyo siku ya duara.

Baada ya chakula cha mchana Karani alisinzia kwenye mkeka barazani, daftari limefunguka kando. Sikuwa na haki ya kulisoma. Nililisoma. Kila siku ina mstari wake, kwa mwandiko uliosimama: saa, nani kalalia, mayai mangapi. Matatu, matatu, matatu. Tarehe ishirini na saba ameandika: Mayai, hakuna. Mbele yake kuna safu ya sababu. Nilitarajia kuona neno "mimi". Ameandika: Haijulikani.

Kwa mdomo alikubali kubeba kosa lisilo lake mbele ya baba yake, mbele ya Shangazi Ndege wake. Kwenye kumbukumbu alikataa kuandika uongo. Nikafungua daftari langu hili nikatazama tarehe ishirini na sita. Hakuna tukio, kwa mwandiko wa mtu aliyesifiwa na wakaguzi.

Nimewahi kuona haya maishani, ya kujikwaa jukwaani, ya kusahau jina la mgeni rasmi. Hizo zilikuwa za usoni tu, zinaoshwa na maji. Hii ya leo haioshwi. Nimemtuma mtunza nyumba amwombe Shangazi Ndege aje kesho asubuhi. Aliniuliza kuna nini, nikamwambia kesho.

Jumamosi, 3 Agosti

Walikuja wote barazani baada ya chai. Mkwe wangu alitaka kuniachia kiti. Nikawaambia wakae wao, wote, na mimi nikasimama karibu na ngazi. Nilikuwa nimetunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi.

"Ni mimi niliyeyakanyaga yale mayai," nikasema, na utangulizi ukapotea.

Nikaeleza lililobaki: bawa, njia ya mkato, mchanga, mawimbi, chai. Sikuacha lile yai la tatu. Nilieleza kwamba nilikaa kwenye kiti na kuwatazama wakisimama huku nikijua. Nilipomaliza, mkwe wangu alikuwa anatazama mikono yake kama fundi aliyepoteza kipande cha mashine.

Mtunza nyumba ndiye aliyeinuka kwanza. "Nimekusikia, Mwalimu," alisema, akaenda kumfungua mbwa. Nimekutana naye mara mbili baada ya hapo. Hakuniamkia.

Shangazi Ndege alitoa karatasi akaniomba nirudie, saa na mahali, akaandika. Akasema vitwitwi wale wanaweza kutaga tena, au wasitage, msimu umekwenda sana. Kisha akatoa kofia mfukoni na kumwekea Karani magotini. Karani hakuivaa. Alikuwa ananitazama.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua sio mimi," alisema, "na ukanisifu."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye. Nilitegemea aseme kwa ajili ya mbwa. Akajibu kwamba miguu ya mama yake ilikuwa inauma, na kwamba mtu asingeruhusiwa kukaa mpaka apatikane mmoja, basi akatazama saa akangoja zifike dakika arobaini.

"Kwa nini arobaini?"

Karani akamtazama mama yake. Binti yangu alikuwa ameinua miguu juu ya stuli. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Mimi ndiye nilimsimulia, zamani, kama hadithi ya kuchekesha," alisema. "Sikujua ataitumia. Baba, shuleni kwako tulikuwa na zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kusema ni mimi. Orodha ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la bweni. Ukisema 'tunamngojea mmoja', anayefuata kwenye orodha anajua ni yeye. Dakika ishirini tukihisi ni kosa dogo, arobaini likiwa kubwa. Tukiwahi mno usingeamini. Wa zamu alichapwa au alifyeka majani, sisi tukamwekea chakula chake. Kila mwaka viranja wapya walikabidhiwa orodha."

Mkwe wangu alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Nilitafuta kitu cha kushika, nikaishika nguzo ile ile. Miaka thelathini na moja. Nilifanya hesabu hapo hapo nikiwa nimesimama, mara tatu au nne kila muhula, na nikaziona nyuso, mikono inayoinuka mmoja mmoja, na mimi juu ya jukwaa nikitikisa kichwa kwa kuridhika. Wale waliovunja, walioiba, walioumiza wenzao, walikuwa wamesimama humo ukumbini wakiutazama mkono wa mtu mwingine ukiinuka. Na mimi nilikwenda kuwafundisha wengine njia hiyo.

"Na wewe?" nikamuuliza binti yangu. "Ulipata zamu?"

"Mara moja. Kidato cha tatu."

Hakuhitaji kuniambia ni lini. Aliinua mkono kutoka safu ya mbele, binti wa mwalimu mkuu, kiranja mkuu msaidizi. Nilimwita jukwaani mbele ya watu mia sita na kumvua beji kwa mkono wangu, ili asiwepo wa kusema nina upendeleo. Nyumbani sikuzungumza naye muhula mzima. Nikitaka chumvi nilimwambia mama yake amwambie. Mama yake alinisihi, nikasema mtoto lazima ajifunze. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kisa changu ninachokipenda kuliko vyote. Nimekisimulia kwenye mikutano, na nilimsimulia mkwe wangu, binti yangu akiwa amekaa hapo hapo, siku waliyokuja kunijulisha uchumba. Alitabasamu siku hiyo. Nilidhani amekubali kwamba nilikuwa sahihi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningewauza wenzangu. Halafu baadaye ikawa imeshapita." Alinyoosha vidole vya miguu, akavitazama. "Ila kuna kitu nimekuwa nataka kukuuliza. Hukuwa unataja kosa, na aliyefanya hakujitokeza mpaka tunamaliza shule. Sijawahi kujua. Lilikuwa kosa gani, Baba? Nilifanya nini?"

Wote wakanigeukia. Karani alikuwa ameshika kalamu.

Nimekaa hapa tangu saa tatu, sasa jua linaondoka barazani, na bado najaribu. Beji naikumbuka, pini yake ilikuwa imepinda, nilihangaika kuitoa kwenye kitambaa. Nakumbuka alivaa soksi zisizolingana. Nimejaribu madirisha ya maabara, vitabu vya maktaba, kengele, matunda ya bustani ya shule.

Kosa lenyewe silikumbuki.